MIKONO IJIFUNZE KABLA YA KUMGUSA MGONJWA



Mara hii twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine wenu watashangaa kuliona katika ukurasa huu. Mmezoea kusoma hapa habari za mishahara, za nyumba, za saa za ziada, na za wale waliofukuzwa kazi bila notisi. Leo twasema juu ya jinsi wapasuaji wanavyofundishwa kazi yao, na juu ya vyombo vinavyoweza kuwafundisha vizuri zaidi.

Msiseme hayo ni mambo ya madaktari peke yao. Mfanyakazi ambaye mkono wake umeingia katika mashine kiwandani hachagui nani atamshona. Mama mchuma chai aliyeshikwa na uchungu tangu jana hachagui nani atamfungua tumbo. Wanapelekwa hospitali ya kaunti, na aliye zamu usiku huo ndiye atakayeshika kisu. Tena wale wanaomzunguka mgonjwa hapo mezani, yaani wauguzi, maafisa wa kliniki, wanaotoa dawa ya usingizi, wanaosukuma vitanda, na wanaoosha na kuchemsha vyombo, ni wafanyakazi kama sisi, na jambo likiharibika wao ndio wa kwanza kulaumiwa.

Kila mtu wa kazi ya mikono ajua jinsi kazi inavyoingia mkononi. Mwanagenzi wa cherehani hapewi suti ya mteja siku ya kwanza. Hupewa vipande vilivyobaki chini ya meza, akashona mstari, akafumua, akashona tena. Anayejifunza kuchomelea hupewa vyuma vibovu. Kazi ikiharibika kitambaa hutupwa, chuma hurudi kwenye takataka, na hakuna aliyeumia. Lakini katika upasuaji desturi ilikuwa nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 Dakta William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani aliweka mpango wa kufundisha wapasuaji ndani ya hospitali, nao ukaenea duniani. Mwanafunzi humwangalia mkubwa wake akifanya, kisha hufanya yeye huku mkubwa akimtazama, kisha huwafundisha wanaomfuata. Mpango huo umetoa mafundi hodari, hatukani. Lakini maana yake ni kwamba vile vipande vya chini ya meza ni watu. Na twajua ni watu gani. Mwenye fedha aliyelazwa katika hospitali ya kibinafsi huuliza jina la mpasuaji na miaka yake ya kazi. Aliyelala katika wodi ya jumla, wawili kitanda kimoja, haulizi kitu.

Wenzetu wa ndege waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1929 Edwin Link, Mmarekani aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda, alichukua mivukuto na mabomba ya hewa ya vinanda akaunda ndege ya uongo isiyoondoka chini. Ukiigeuza usukani iliinama kama ndege ya kweli. Wakubwa hawakuitilia maanani, ikauzwa kwa viwanja vya michezo watoto wapande. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege. Marubani wake hawakuzoea kuruka gizani na ndani ya mawingu, na katika majuma machache kadhaa walikufa. Ndipo jeshi lilipokwenda kununua vyombo vya Link. Hata leo rubani wa ndege ya abiria huanguka mara nyingi katika ndege ya uongo kabla ya kupewa ya kweli, na hakuna abiria anayeona kwamba huo ni upuuzi.

Wapasuaji walichelewa, na walioamshwa zaidi ni wale wa upasuaji wa matundu madogo ulioenea tangu mwisho wa miaka ya 1980. Katika kazi hiyo tumbo halifunguliwi. Mpasuaji hutoboa matundu, hupitisha kamera nyembamba na vyombo virefu kama vijiti, na hutazama kioo cha televisheni badala ya mikono yake. Shida ni kwamba kila chombo huzunguka pale penye tundu, kama kasia ubavuni mwa mashua. Mkono ukienda kulia, ncha huenda kushoto. Mkono ukishuka, ncha hupanda. Tena kioo hakionyeshi vizuri kilicho mbele na kilicho nyuma. Mtu mwenye miaka 20 ya kufungua matumbo alijikuta anaanza upya kama mtoto.

Basi likaundwa sanduku. Ni sanduku tu, lililofunikwa, lenye matundu mawili na kamera ndani. Mwanafunzi hupewa vijipande sita vilivyovalishwa katika vijiti upande mmoja. Kila kimoja akiokote kwa mkono wake mnyonge, akipokeze hewani kwa mkono wa pili, akivalishe upande wa pili wa ubao. Akimaliza vyote sita avirudishe. Saa inamhesabia. Kazi nyingine ni kukata duara lililochorwa juu ya kitambaa cha shashi bila kutoka nje ya mstari, na kufunga fundo la uzi humo ndani. Ukisikia habari hizi utadhani ni mchezo wa chekechea. Ni kazi ya kutoa jasho, na bodi inayotoa vyeti vya wapasuaji huko Marekani iliifanya kuwa mtihani wa lazima kwa waliomaliza mafunzo tangu mwaka 2009.

Je, mtu akijua sanduku amejua mwili? Ni swali la haki. Mwaka 2002 walimu wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza jaribio lao. Walichukua wanafunzi 16 wa upasuaji, nusu wakafunzwa kwa desturi ya zamani peke yake, nusu wakaongezewa mazoezi katika mashine ya kompyuta inayoonyesha mwili wa uongo. Kisha wote wakapewa kazi moja kwa mgonjwa wa kweli, chini ya mwalimu: kutenganisha kifuko cha nyongo na ini. Waliotazama kanda na kutoa alama hawakuambiwa nani alifunzwa vipi. Waliofanya mazoezi katika mashine walikuwa wepesi zaidi kwa asilimia 29. Wale wengine walielekea mara 5 zaidi kukitoboa kifuko au kuchoma nyama isiyohusika. Watu 16 ni wachache, lakini tofauti hiyo si ndogo, na mwenye kuchomwa angekuwa mimi au wewe.

Sasa mwajiri atasema hana fedha za mashine kama hizo. Twamjibu: sanduku laweza kuundwa hapa hapa. Chukua sanduku la plastiki lenye kifuniko, lile la kuwekea nguo. Toboa matundu mawili. Kata dirisha dogo juu, weka simu hapo kamera ikiangalia ndani, washa taa. Vijiti vya kushikia viwe vyombo vya zamani vilivyoondolewa katika chumba cha upasuaji. Na kwa kushona kwa kawaida hata sanduku halihitajiki: ganda la ndizi, mguu wa nguruwe, utumbo wa mbuzi kutoka buchari. Utumbo ukikatwa na kuungwa tena, ujazwe maji na kuminywa. Maji yakitoka, mshono haukushika. Hakuna mwalimu awezaye kubishana na maji.

Simu hiyo hiyo yafanya kazi ya pili. Kazi ya mwanafunzi ikipigwa picha, mwalimu aliye mbali anaweza kuitazama jioni na kumwambia, hapa umevuta uzi mno, hapa umeshika sindano karibu mno na ncha. Hili si jambo dogo kwetu. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa mwaka 1999 na chenye ofisi Arusha, hufundisha watu wakiwa kazini katika hospitali zao, nao huandika kila upasuaji walioufanya katika daftari la kompyuta. Mpango huo ni mzuri kwa sababu haumwondoi mpasuaji mahali anapohitajika. Lakini mwanafunzi aliye mbali na mji huenda akawa na mkubwa mmoja tu wa kumfundisha, naye mkubwa huyo yuko mezani tangu alfajiri.

Hatusemi kila kipya kinunuliwe. Kuna miwani ya kuvaa kichwani inayokuonyesha chumba kizima cha upasuaji, nayo ina kazi yake. Huko Lusaka ilijaribiwa kuwafundisha wanaojifunza upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi. Kuna roboti. Mwaka 2001 Dakta Jacques Marescaux aliketi New York akamwondolea mama mmoja kifuko cha nyongo huko Strasbourg, Ufaransa, bahari nzima ikiwa kati yao. Ni ajabu, na tunaipongeza. Lakini magavana wanaopenda kukata utepe mbele ya mashine kubwa wasitusahaulishe wagonjwa wetu wanaugua nini. Tume ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2015, ilisema watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wa bei wanayoimudu, na kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati wagonjwa milioni 143 zaidi wangepaswa kupasuliwa kila mwaka. Tume hiyo ilitaja kazi tatu za kupimia hospitali ya wilaya: kumtoa mtoto kwa kisu, kufungua tumbo la mgonjwa wa ghafula, na kutengeneza mfupa uliovunjika ukatokeza nje ya ngozi. Hizo tatu hazitaki roboti. Fedha za kwanza ziende katika mifano ya kufundishia hizo tatu. Mfano wa tumbo la mama mjamzito uliotengenezwa kwa sponji na mpira ukatumiwa kila juma una faida kuliko miwani ya bei kubwa iliyolala ofisini kwa mkurugenzi.

Hapa tumefika penye kiini cha maneno yetu, nacho si chombo bali ni saa. Tazameni habari ya Haydom, hospitali ya Walutheri iliyo mashambani kaskazini mwa Tanzania. Haihusu kisu, yahusu mikono ya wakunga, lakini fundisho lake ni lile lile. Mwaka 2010 wafanyakazi wa hapo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia mfano wa mtoto unaojazwa maji upate uzito wa mtoto kamili, na mfuko wa kuminya hewa hadi kifua kiinuke. Walipopimwa kwa mfano walifanya vizuri. Walipotazamwa wodini kwa watoto wa kweli, kazi yao ilikuwa karibu ile ile ya zamani. Semina ilikuja, semina ikaenda. Tangu mwaka 2011 wakabadili mpango. Mfano ukawekwa hapo hapo wodini, na wakunga wakawa wanafanya mazoezi dakika chache kila juma, na mara moja kwa mwezi kwa muda mrefu kidogo. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hadi 7.2. Chombo kilikuwa kile kile na hospitali ile ile. Kilichoongezwa ni mazoezi mafupi yasiyokatika, ndani ya siku ya kazi.

Linganisheni na tunayoyaona kwetu. Mwanachama mmoja wa hospitali ambayo hatutaitaja alitueleza kwamba mfano wa kufundishia uliletwa kwao kama zawadi. Picha zilipigwa, hotuba zikasomwa. Kisha ukatiwa katika kabati, ungali umevikwa nailoni yake, na ufunguo ukabaki kwa afisa mmoja aliyehamishwa baadaye akaondoka nao. Wauguzi walipouliza waliambiwa waandike barua. Waliandika. Twajua kabati za namna hiyo haziko hospitali moja tu.

Na hata kabati likifunguliwa, nani atakuwa na nafasi? Daktari mwanagenzi akitoka zamu ya usiku huendelea na kazi ya mchana. Muuguzi mmoja ana wodi nzima. Ukimwambia mtu huyo aende kufanya mazoezi ya kushona baada ya kazi, kwa nauli yake na kwa saa zake, umemwambia asijifunze. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulikuwa na mambo mengi ndani yake, na kubwa mojawapo lilikuwa kupelekwa kazini kwa wanagenzi na malipo yao. Sisi twasema malipo hayo ni nusu ya haki ya mwanagenzi. Nusu ya pili ni kufundishwa. Anayewekwa peke yake mbele ya tumbo lililofunguka, bila kuwahi kushika hata utumbo wa mbuzi, ametupwa, hata akilipwa vizuri.

Kwa hiyo twataka saa za mazoezi ziandikwe katika orodha ya zamu kama saa za kazi, zilipwe kama saa za kazi, na awepo mtu wa kushika nafasi ya aliye mazoezini. Hilo liingie katika mapatano na mwajiri kwa maandishi, lisiachwe kwa hisani ya mkubwa wa idara, maana wakubwa huhamishwa. Na chombo kikivunjika, pawe na mtu na fungu la fedha la kukitengeneza. Hatujapata kuona kiwanda kinachonunua mashine bila fundi wa kuitunza, ila katika hospitali jambo hilo limekuwa kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo wanachama wa viwandani watalielewa upesi kuliko madaktari. Mashine hizi zinaandika. Zinahesabu dakika, zinahesabu mara mkono ulipokosa, zinahifadhi picha. Chombo kinachoandika makosa ya mwanafunzi ni mwalimu mzuri mradi karatasi yake ibaki kati ya mwanafunzi na mwalimu. Siku itakapochukuliwa na karani wa mwajiri ili kuamua nani afanywe upya mkataba na nani aachwe, siku hiyo kila mtu atakwepa sanduku, au atafanya mazoezi rahisi tu apate alama nzuri. Sharti pawe na maandishi kwamba alama za mazoezi si za kuadhibu. Mtihani wa cheti ni jambo mbali, una wakati wake na sheria zake. Na ikiwa picha zinapigwa juu ya mgonjwa wa kweli, hata kwa mafunzo, aombwe ruhusa kwa lugha anayoifahamu. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yamhusu aliye katika wodi ya jumla sawasawa na tajiri.

Tena mazoezi yasiwe ya mpasuaji peke yake. Damu ikianza kumwagika, mkono wa mpasuaji ni mmoja kati ya mingi. Muuguzi ajue chombo gani kitatakiwa kabla hakijaombwa. Anayetoa dawa ya usingizi aweze kusema “simama” na asikizwe. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi ya mambo 19 ya kuulizwa kwa sauti chumbani kabla ya mgonjwa kulala, kabla ya kisu, na kabla ya kuondoka mezani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, na vifo vikapungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi tu! Lakini karatasi hiyo yataka kila mtu chumbani awe na sauti, na sauti hiyo nayo hufanyiwa mazoezi. Muuguzi ambaye hajawahi kumkatiza daktari mbele ya mfano wa plastiki hatamkatiza mbele ya mtu anayevuja damu.

Wazee wengine wa kazi hii wanasema wao hawakuwa na masanduku wala simu na wakawa mafundi. Ni kweli, na twawaheshimu. Twawaomba wao wenyewe wakae kando ya sanduku wafundishe, maana sanduku halijui wakati gani usipasue kabisa, wala haliwezi kumshika kijana mkono na kumwambia polepole. Mashine isiyo na mwalimu ni kabati jingine. Twasema hivi kwa sababu tumesikia fununu za wakubwa wanaotaka kununua kompyuta ili wapunguze walimu. Hilo tutalikataa.

Matawi yote yenye wanachama katika hospitali yaombwa kufanya hivi. Katibu wa tawi amwendee msimamizi wa hospitali na kumwuliza: kuna vyombo gani vya mazoezi hapa, viko chumba gani, na nani ana ufunguo? Katika orodha ya zamu ya mwezi uliopita, ni saa ngapi zilizoandikwa kwa ajili ya mazoezi, na zilikuwa za kina nani? Mara ya mwisho vilitumiwa lini? Majibu yaandikwe kama yalivyotolewa, hata yakiwa “hakuna”, na yaletwe ofisi ya chama kabla ya mkutano wa wajumbe wa matawi, ili tuyaweke mezani pamoja na madai ya mshahara. Mwenye kujua kuunda sanduku lile la plastiki na simu atuandikie pia, achore na picha yake. Tutaipiga chapa katika toleo lijalo.